Kidhibiti Joto cha Kisasa: Je, Kinafaa Kununuliwa?

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya askari mjini Nchelenge, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Mwenye nyumba ni koplo aliyerejea kutoka kazi ya kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako Zambia ilianza kupeleka kikosi chake mwaka 2015. Amerudi na akiba ya posho. Mkewe hununua samaki kwa wavuvi wa Kashikishi na kuwauza kwa wasafiri waendao Mansa. Nyumba yao ni ya matofali, imeezekwa bati, na umeme wake ni ule wa kununua yuniti kwanza ndipo utumie. Nyumba hii si ya mtu fulani. Ziko nyingi za namna yake, na mazungumzo yafuatayo yaweza kusikika katika yoyote.

Koplo huyo, akiwa safarini kurudi nyumbani, aliona katika duka la uwanja wa ndege kifaa cha mviringo kilichong'aa kama kioo cha saa. Akaambiwa kuwa ni kidhibiti joto cha nyumba, kile ambacho mafundi hukiita thamostati, tena ni thamostati janja. Hakukinunua siku ile, lakini hakukisahau.

"Mama watoto," alisema jioni moja, "kifaa kile hujifunza desturi za watu wa nyumbani. Kikiona hakuna mtu ndani, chenyewe hupunguza matumizi ya umeme. Hata nikiwa lindoni naweza kukiamrisha kwa simu."

"Ni jambo zuri, baba watoto," mkewe akajibu. "Lakini hapa kwetu kitaamrisha nini?"

Swali hilo la mama ndilo ambalo kila mwenye nyumba apaswa kujiuliza kabla ya kufungua mfuko wake. Thamostati haitoi joto wala baridi. Kazi yake ni kama ya mnyapara: hutazama, kisha huamuru mwingine aanze kazi au aache. Ikiwa hakuna wa kuamriwa, mnyapara huyo hulipwa mshahara wa bure.

Asili ya chombo hiki ni ya zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyeishi Uingereza, alitengeneza tanuri lililojirekebisha lenyewe moto wake, na kazi mojawapo ya tanuri hilo ilikuwa kuangua mayai ya kuku. Mwaka 1830 Andrew Ure wa Scotland alipata hataza ya thamostati iliyotumia vipande viwili vya madini tofauti vilivyoshikanishwa. Kwa kuwa madini hayo hayatanuki sawasawa yanapopata joto, kipande kizima hujipinda, na kujipinda huko hufungua au kufunga njia. Kisha mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, alipewa hataza ya thamostati ya umeme kwa ajili ya vyumba. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na mtumishi wa chuo aliyeingia darasani kila mara kutazama kipimajoto, akikatiza masomo. Ni dhahiri kwamba watu hao wote walikuwa na moto wa kudhibiti kabla ya kutafuta kidhibiti.

Thamostati janja ni mjukuu wa hizo. Ile iliyopata sifa zaidi, iitwayo Nest, ilitoka mwaka 2011 kwa bei ya dola 249, na toleo lake la mwaka 2024 liliuzwa kwa dola 280. Imeunganishwa na intaneti, na hukumbuka saa ambazo watu huamka, hutoka na kulala. Katika nchi za baridi kali, nyumba moja huwa na tanuri au bwela moja lipelekalo joto katika vyumba vyote kwa mabomba, na wakati wa kiangazi huwa na mtambo mmoja wa kupoza hewa. Hapo ndipo kifaa hiki kilipozaliwa na ndipo penye kazi yake. Mpango wa serikali ya Marekani wa kupima vyombo vinavyobana matumizi ya nishati, uitwao Energy Star, umekadiria kwamba thamostati ya aina hii huokoa wastani wa asilimia 8 ya gharama za kupasha joto na kupoza nyumba, yaani kama dola 50 kwa mwaka. Basi hata huko kwenye theluji, mwenye kulipa dola 280 hungoja zaidi ya miaka mitano ndipo fedha yake irudi.

Sasa hesabu hiyo na iletwe Nchelenge. Nyumba ya koplo haina tanuri wala bwela, na haina mabomba ya hewa ukutani. Asilimia 8 ya sifuri ni sifuri. Nyaya za kifaa hicho zikitolewa ukutani hazitapata pa kushika, na koplo atakuwa amenunua saa ya ukutani ya bei kubwa kuliko zote mtaani.

Pengine atasema kuwa siku moja ataweka mtambo wa kupoza hewa chumbani, kama ilivyo katika baadhi ya nyumba za wageni. Mtambo wa chumba kimoja, ule wa kutundikwa ukutani, huja na thamostati yake ndani, na rimoti yake hutosha. Mwenye nao ataokoa zaidi kwa kuuweka nyuzi 26 badala ya 18, na kwa kufunga mlango, kuliko kwa kuununulia bwana wa pili.

Liko pia jambo la utii. Chombo kinachopokea amri kutoka mbali chaweza kupokea amri za wengine. Mwezi Juni mwaka 2021, wakati wa joto kali katika jimbo la Texas, baadhi ya watu waliona nyumba zao zikizidi kupata joto kwa sababu thamostati zao zilikuwa zimepandishwa kutoka mbali. Walikuwa wamejiunga na mpango wa kupunguza mzigo wa umeme, na wengine walikuwa wamesahau, au hawakuwa wameelewa, kwamba wametoa ruhusa hiyo. Mwezi Agosti mwaka 2022, huko Colorado, wateja wapatao 22,000 walijikuta hawawezi kubadili thamostati zao wenyewe kwa saa kadhaa, na wao pia walikuwa wamejiunga kwa hiari ili wapate punguzo. Aidha, mwezi Oktoba 2025 kampuni ya Google, ambayo iliinunua Nest mwaka 2014, iliacha kuhudumia thamostati za matoleo mawili ya kwanza. Ziliendelea kufanya kazi kwa kuguswa ukutani, lakini amri za simu hazikufika tena. Kifaa kilichouzwa kwa sababu ya ujanja wake kilirudi kuwa thamostati ya kawaida. Askari anayeilinda silaha yake miaka mingi kwa mafuta na kitambaa ataona uchungu wa jambo hilo bila kuelezwa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba nyumba ya Mweru haina shida ya joto na baridi. Inayo, na shida hiyo huua watu.

Baridi yake huja kati ya Mei na Julai. Si baridi ya theluji, ila mtoto mchanga huihisi usiku, na ndipo mama huingiza ndani mbaula, yaani jiko la mkaa, akafunga mlango na madirisha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, kwa hiyo watu hudhani ni salama. Lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa kidogo, huona kizunguzungu, husikia usingizi, na usingizi huo wengine hawaamki. Kila msimu wa baridi polisi wa Zambia huitwa kwenye vyumba vya namna hiyo, na hakuna kazi inayomwumiza askari kuliko kubeba familia nzima iliyolala bila jeraha. Mbaula ibaki nje. Blanketi la pili ni bei ndogo sana kuliko thamostati, na halihitaji intaneti. Akikutwa mtu amelegea katika chumba chenye mkaa, atolewe nje kwenye hewa mara moja, kisha apelekwe hospitali, hata kama ameanza kusema na kutabasamu.

Joto nalo hukaza mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Bati hupokea jua mchana kutwa, na chumba hubaki kama tanuri hadi usiku wa manane. Hapa Nchelenge joto hilo lina mwenzake, nalo ni mbu. Wilaya hii imo miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kupita kiasi. Mtu akifungua dirisha, mbu huingia. Akilifunga, hewa husimama. Akilala ndani ya chandarua, hutokwa jasho mpaka akakitupa kando. Watafiti wa nchi nyingi wamesikia jibu lile lile wanapouliza kwa nini mtu hakulala ndani ya chandarua: joto. Kwa hiyo kupoza chumba cha mtoto si anasa ya watu wa mjini. Ni sehemu ya vita dhidi ya malaria.

Chumba hicho hupozwa namna gani? Kwanza dari. Nyumba ya bati isiyo na dari haina kinga yoyote kati ya kichwa cha mlalaji na jua lililopigwa juu yake. Hata dari nyepesi hupunguza joto lishukalo, mradi kuwe na matundu ya kutolea hewa chini ya mapaa, nayo yazibwe kwa wavu. Pili, wavu wa madirisha, ambao humwezesha mtu kulala madirisha yakiwa wazi. Fundi wa kawaida huuweka kwa siku moja. Tatu ni upande. Ufuko wa Nchelenge hutazama magharibi, na wakati wa mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Dirisha la upande wa ziwa huleta upepo huo, lakini vilevile huleta jua la saa kumi. Baraza pana au mwembe uliopandwa upande huo huruhusu upepo na kukataza jua. Wazee walioezeka kwa nyasi na kuacha mapaa marefu walilijua jambo hili kabla ya bati kufika. Mwisho ni feni, ambayo hula umeme kidogo sana ikilinganishwa na mtambo wa kupoza hewa, na yaweza kuendeshwa hata kwa betri ya sola.

"Basi hakuna thamostati itakayoingia nyumba hii?" koplo aliuliza, naye alikuwa amekwisha kukasirika kidogo.

"Iko tayari, baba watoto," mkewe akasema. "Umeipita mlangoni."

Alikuwa akisema juu ya friza. Ndani ya friza ile ndogo ya kulala, iliyojaa samaki, imo thamostati isiyo na ujanja wowote: kitufe cha kuzungusha chenye namba. Nyumba nyingi za ufukoni zinayo, na nyingi haziitumii inavyopasa. Namba zile si nyuzi za joto. Katika friza zilizo nyingi namba kubwa humaanisha baridi zaidi, wala si joto zaidi kama wengine wanavyodhani. Samaki wa kuhifadhiwa kwa majuma hutakiwa kukaa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Namna ya kujua ni kununua kipimajoto kidogo cha friza, kukiacha ndani usiku mmoja, kukisoma asubuhi, kisha kusogeza kitufe namba moja na kungoja siku nyingine. Kipimajoto hicho ni rahisi kwa bei, na kwa mwenye biashara ya samaki kina manufaa kuliko kifaa chochote cha kung'aa.

Kuna kosa linalofanywa na karibu kila mwenye friza mpya. Huleta kapu zima la samaki wa asubuhi, wenye joto la ziwa, akawatupia wote kwa pamoja, kisha akazungusha kitufe hadi mwisho akidhani amesaidia. Thamostati haiongezi nguvu za mashine. Huiambia tu iendelee kufanya kazi. Mashine itanguruma usiku kucha, yuniti zitakwisha, na samaki wa katikati watakuwa wameanza kunuka kabla baridi haijawafikia. Samaki na watolewe matumbo, waoshwe, wawekwe kwa matabaka membamba na kwa awamu. Friza yenyewe isimame mbali kidogo na ukuta, kivulini, wala si kwenye ukuta unaochomwa na jua la jioni. Kama mpira wa mfuniko umechoka, kipande cha karatasi kilichobanwa hapo kitavutika bila ugumu, na hapo ndipo umeme unapovuja.

Lakini adui mkubwa wa friza katika Zambia ni kukatika kwa umeme. Nchi hii hupata sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kutoka kwenye maporomoko na mabwawa. Mkoa wa Luapula una kituo chake cha Musonda, kwenye mto Luongo, kilichopanuliwa kutoka megawati 5 hadi 10, ila nchi nzima hutegemea zaidi mabwawa ya kusini. Ukame wa mwaka 2024 ulipoangusha maji ya Kariba, mgao wa umeme ulianza mwezi Machi kwa saa 8 kwa siku, na baadaye mwaka huo huo sehemu nyingi zilikaa gizani kwa muda mrefu kuliko zilivyokaa na umeme. Wafanyabiashara wa samaki waliona faida ya mwezi ikiyeyuka kwa siku mbili. Na umeme ukikatika, thamostati janja haina la kuamuru, sawasawa na ile isiyo janja.

Kwa hali hiyo, fedha ya koplo ina kazi bora. Kuna kifaa kidogo cha kulinda friji, kinachochomekwa kati ya friza na ukuta. Umeme ukirudi, hukiacha chombo kimya kwa dakika chache kabla ya kukiruhusu kuwaka, kwa maana mashine ya friza ikilazimishwa kuanza mara tu baada ya kuzimika huweza kuungua. Kadhalika hukata umeme unaopanda au kushuka kupita kiasi. Hicho ndicho kidhibiti kinachostahili kununuliwa kwanza. Baada yake zifuate chupa za plastiki zilizojazwa maji, zikiachiwa nafasi kidogo juu, zikagandishwa na kupangwa katika kila pembe tupu. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika ubaridi kwa muda wa siku mbili hivi. Iliyojaa nusu hushika kama siku moja. Barafu ya chupa huigeuza ya pili kuwa kama ya kwanza.

Iko pia hila ya mama wa nyumbani, ambayo hakuna kampuni iliyoipatia hataza. Hugandisha maji kikombeni, huweka sarafu juu ya barafu, na kukiacha kikombe ndani ya friza. Akirudi kutoka safari ya kuwaona wazazi, hutazama sarafu. Ikiwa bado iko juu, samaki hawakuyeyuka. Ikiwa imezama hadi chini, waliyeyuka wakaganda tena, na hawafai kuuziwa mtu wala kupikiwa watoto, hata kama kwa macho wanaonekana wagumu na safi.

Koplo alisikiliza, akaomba kitu kimoja tu kwa ajili yake mwenyewe: mashine ya kuangulia vifaranga. Hapo mkewe hakupinga, kwani hapo thamostati inarudi kwenye kazi yake ya tangu siku za Drebbel. Yai la kuku hutaka nyuzi 37 na nusu kwa siku 21. Thamostati ndogo ya kidijitali ya kufungia kwenye sanduku la namna hiyo ni ya bei nafuu sana, na fundi wa redio aliye hodari huweza kuiunganisha. Sharti ni betri ya akiba, kwa kuwa mgao wa umeme hauhesabu siku za mayai. Saa chache za ubaridi huenda yakazivumilia, ila usiku mzima ni hatari. Asiye na betri na aendelee na kuku watamiaji.

Basi fedha ya posho ikagawanywa: dari ya chumba cha watoto na wavu wa madirisha yote, kifaa cha kulinda friza pamoja na kipimajoto, blanketi mbili, na sanduku la mayai na betri yake. Kama kitabaki kitu, feni. Na kwa vile kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, friza ile isiachwe ikinguruma tupu kwa miezi mitatu. Ichomolewe, iyeyushwe, ioshwe kwa maji ya magadi, ikaushwe, na mfuniko wake uegemezwe kwa kijiti ili hewa ipite ndani mpaka siku nyavu zitakaporudi majini.